Vipande Kumi vya Batiki

Wapendwa, mtaa mmoja ulikuwa na shangazi mmoja, kinara wa kamati ya harusi ya mpwa wake, mwanamke wa maneno mengi na vicheko. Alikwenda kwa mama mmoja anayetengeneza batiki, akamwagiza vipande arobaini vya sare, rangi ya ndizi mbivu yenye maua ya zambarau. Rangi gani hiyo? Msiniulize mimi, aliichagua mwenyewe! Walikubaliana kwa mdomo tu, wakanywa chai, basi.

Wiki iliyofuata mama batiki akatanguliza vipande kumi. Shangazi akavipokea kwa vigelegele, akawagawia dada zake, na chake akakikimbiza kwa fundi cherehani siku hiyo hiyo. Halafu, akipita sokoni, akaona satini ya bluu inayometameta. Moyo ukahama. Akatuma ujumbe kwamba vile thelathini asiletewe tena.

Mama batiki alinyong'onyea. Vitambaa vyote alikwisha kuvitia rangi, mtaji wake wote umo mle. Nani mwingine angevitaka? Akaenda kushtaki kwa balozi wa mtaa.

Shangazi alipoitwa hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alijua watu watakuwepo, kwa hiyo akajipamba vizuri, akaingia kwa madaha. "Balozi, tuliandikiana wapi? Alete karatasi! Alete shahidi!"

Mama batiki akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kicheko kikamponyoka. "Shahidi ninaye, balozi. Dada yangu huyu amemvaa."

Shangazi akajiinamia, akajiona. Ndizi mbivu, maua ya zambarau, na gauni limemkaa kweli kweli! Baraza zima likaangua kicheko, balozi akashindwa hata kuandika. Aibu ilimshika shangazi, lakini naye akaishia kucheka. "Haya mama, yameisha. Niletee vilivyobaki."

Mmecheka, eeh? Kwaya nao wamecheka! Sasa sisi je? Siku ya ubatizo nani alitia saini? Lakini msamaha wa Mungu tuliupokea, tukauvaa, na kila Jumapili tunapendeza nao humu ndani. Ila jirani aliyetukosea akija kuomba yaishe, ndipo tunapokuwa mawakili: "Kwani mimi niliahidi wapi kusamehe?" Kweli jamani? Tunajitetea namna hiyo mbele za Mungu?

Usimtazame aliyekaa pembeni yako, nasema na wewe. Huyo jirani aliyekuomba yaishe unamjua kwa jina. Kesho asubuhi, kabla hujaenda kazini, mgongee mlango.