Ngozi ya Tandala na Risasi ya Bastola

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya sungura kumdanganya fisi, nasema zamani ya juzi tu, reli ilipokwisha kupita na magobore yalikwisha kuzeeka, palikuwa na mjane mmoja akiitwa Kalunde. Kaeni vizuri mnisikilize. Hadithi hii hunikasirisha kila ninapoisimulia, na leo sitaki kukasirika peke yangu.

Kalunde alikuwa mshika nyayo. Msishangae. Marehemu mumewe, Mipawa, ndiye aliyekuwa akiwaongoza wawindaji wa kijiji chao kule kwenye misitu ya miombo, na macho yalipoanza kupoteza nuru alimchukua mkewe porini awe macho yake. Mke akatazama, akaulizwa, akajibu, akajua. Mipawa alipofariki, wawindaji walimcheka mjane yule msimu mzima. Msimu ule ule wakawa wanarudi mikono mitupu. Msimu uliofuata wakaja kumbembeleza.

Sasa binti yake Kalunde, jina lake Wande, akajifungua mtoto wa kiume, mzaliwa wa kwanza. Na desturi ya kule ni kwamba mzaliwa wa kwanza hatolewi nje mpaka ipatikane ngozi ya mnyama wa porini ya kumbebea. Upande utakaoleta ngozi, wa mama au wa baba, ndio utakaompa mtoto jina. Kalunde alitaka mjukuu aitwe Mipawa. Marehemu hakuacha mtoto wa kiume, na jina lake lilikuwa linaelekea kusahauliwa kama jina la mtu aliyepita njia.

Lakini upande wa baba alikuwapo Shigela, babu wa mtoto, mkwe wake Kalunde. Yeye alitaka mtoto aitwe Salamba, jina la baba yake, aliyekwenda kwenye kazi ya reli akafia huko, na kaburi lake hakuna anayelijua. Kwa hiyo hakuna aliyetaka jambo baya. Kumbukeni hilo, maana mbele ya safari mtalisahau.

Na ngozi je, huwa ya nani? Sheria ya wawindaji wa kule ni fupi: ngozi ni ya yule ambaye bila yeye mnyama asingelala. Basi. Wazee walioitunga nadhani chakula kilikuwa kimekwisha kuiva.

Shigela alikuwa na bunduki. Ndefu, kitako cha mti mwekundu kilichong'arishwa, mtutu mweusi tii. Ukiiona begani mwake utasema hii ni ya kuangusha nyati. Lakini nyinyi ngojeni niwaambie ilichokuwa inakula. Ilikuwa inakula risasi za bastola. Fupi, nene, kichwa butu. Bunduki ndefu yenye tumbo la bastola! Si kwamba ilikuwa mbovu, hapana. Ukimnyemelea mnyama mpaka unamwona kope, ilimlaza vizuri kabisa. Lakini ukipiga kwa mbali, risasi inachoka njiani, inashuka, inafika kwa mnyama haina nguvu ya kuua, ina nguvu ya kutesa tu.

Shigela alilijua hilo. Siku aliyoinunua aliijaribu nyuma ya zizi, akapiga shina la mninga kwa mbali, na risasi ikanasa kwenye gome. Akaenda kuichokoa kwa kisu. Kalunde alikuwa anapita na mzigo wake wa kuni, akaona yote. Shigela akamwona kwamba ameona. Wakaamkiana kwa heshima ya ukwe, wakaachana. Tangu siku ile Shigela akawa anaitembeza bunduki kijijini, na akiulizwa inapiga mpaka wapi, anajibu kwamba inapiga mpaka mnyama alipo. Watu wanacheka, wanaona ni majivuno ya mwenye mali.

Mtoto alipozaliwa, Shigela akamwazima Lugata bunduki ile. Lugata alikuwa mpiga shabaha, tena hodari, nisimnyime haki yake. Alijifunzia kulenga kwa mwindaji mmoja mgeni, kwa bunduki za kweli. Naye alikuwa na hamu yake: mtu akitundika mlangoni ngozi ya tandala dume, kijiji kizima kinamwita fundi wa pori mpaka anaingia kaburini. Shigela akamkabidhi bunduki na risasi ndani ya kifuko, hakusema neno. Lugata akazitia risasi kwa mkono wake mwenyewe. Akaziona zilivyo fupi. Naye hakuuliza neno, kwa sababu fundi haulizi.

Wakatoka alfajiri, Kalunde mbele na fimbo yake, Lugata nyuma na bunduki. Jua lilipopanda kidogo wakamkuta tandala dume ukingoni mwa mbuga, pembe zimejisokota hadi juu, anakula majani hana habari. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwao. Kalunde akanyoosha fimbo.

Hapo nisimame kidogo. Kule, mshika nyayo akishanyoosha fimbo, mdomo wake umefungwa. Hasemi tena mpaka bunduki iseme. Akitoa neno, hata moja, mnyama akimbie asikimbie, yeye ametoka kwenye windo na hana fungu. Ni desturi nzuri, imeokoa mawindo mengi.

Kati yao na tandala palikuwa na kichuguu. Mtu akitambaa mpaka pale, hata bunduki ya Shigela ingemaliza kazi. Kalunde alikitazama kile kichuguu, akamtazama Lugata. Lugata hakutambaa. Alipiga goti pale pale alipokuwa, mahali ambapo bunduki ya kweli ingetosha, akaweka kitako begani. Kalunde akalikumbuka gome la mninga. Neno lilikuwa limemjaa kinywani, neno moja tu, sogea. Akaiwaza ngozi. Akawaza jina la Mipawa. Akalimeza.

Bunduki ikakohoa. Risasi ikachoka, ikashuka, ikampata tandala tumboni. Aliruka, akaanguka magoti, akainuka, akaingia msituni.

Lugata aliitazama bunduki kama mtu aliyeuziwa chumvi yenye mchanga. Wakafuata damu mpaka jua la utosi, na kila hatua Lugata analaani. Mwisho akasimama akasema kwamba yeye ametapeliwa, anarudi kumuuliza Shigela amempa kitu gani. Kalunde akamwambia kwamba jeraha haliachwi porini, aliyelitia hulifuata. Lugata akamjibu kwamba aliyelitia ni Shigela, akageuka. Na tandala anavuja damu.

Kijijini wakagombana, wee! Lugata anasema umenificha. Shigela anasema umeziona risasi kwa macho yako, una macho au una pambo la uso? Watu wakajaa, wengine upande huu, wengine upande ule, pombe ya mtama ikatolewa ili mjadala uende vizuri. Hakuna hata mmoja aliyeshika mkuki akasema tumfuate yule mama. Mimi hapo ndipo damu inaponipanda. Wanaume wazima wanajadiliana nani ana kosa, na tandala anavuja damu.

Kalunde alikwenda. Aliona mahali mnyama alipojilaza akashindwa kutulia, akaona majani yaliyotafunwa yakatemwa. Giza lilipomkuta alilala kando ya tone la mwisho aliloliona, asije akalipoteza. Kulipokucha akaendelea. Alikuwa analia, nami sitamfichia: alilia kwa hasira, na kila jina alilolitaja katika hasira ile, lake alilitaja pia.

Mbele ya safari, kando ya kijito kikavu, alikuwapo mrina asali akiitwa Kapaya. Asubuhi ile alikuwa juu ya mti kwenye mzinga wake, nyuki wamekwisha kuamka, moshi unafuka. Akasikia mnyama anakoroma chini vichakani. Alijua ni mkoromo wa mnyama aliyejeruhiwa. Lakini mrina akishuka mzinga ukiwa wazi, asali ndiyo basi. Kapaya akasema moyoni, nimalize kwanza. Akatoa sega moja baada ya jingine, akafunga mzinga, akashuka taratibu. Na tandala anavuja damu.

Alipofika, fisi alikuwa amekwisha kufika. Kapaya akamfukuza fisi kwa kijinga cha moto, kisha akamtazama tandala machoni, akainua shoka, akampiga utosini mara moja tu. Kalunde alipotokeza kwenye kijito, jua limekwisha kuinama, alimkuta Kapaya ameketi kando ya mnyama aliyelala, shoka magotini, hajamchuna. Kapaya alimwamkia, akamsimulia habari ya mzinga, kisha akamwambia, "Dada, kama ni wa kwenu, mmechelewa. Na mimi nimechelewa."

Nyama ililiwa bila ugomvi, maana tumbo halina kesi. Ngozi ikawambwa kwa vigingi mbele ya nyumba ya mwanangwa wao, Malongo, ndiye mkuu wa kijiji. Wakaitwa wote. Ndani ya nyumba ya Wande mtoto analia, hajaliona jua.

Shigela akasema wa kwanza. "Mwanangwa, bunduki ni yangu. Bila bunduki wangekwenda kumtazama tandala, wakarudi kutusimulia. Bila mimi mnyama asingelala. Ngozi ni yangu, na mtoto ni Salamba."

Lugata akasema wa pili. "Mwanangwa, kidole ni changu. Bunduki haijipigi. Kwa mbali vile, na risasi ya kudanganyia watoto, nani mwingine hapa angempata? Bila mimi mnyama asingelala. Ngozi ni yangu, niitundike mlangoni."

Kapaya akasema wa tatu. "Mwanangwa, shoka ni langu. Hawa walimwamsha, mimi nilimlaza. Ningepita zangu na asali yangu, mngeikuta ngozi tumboni mwa fisi. Mama yangu mzee analala juu ya majani, na ngozi ninaitaka, sioni haya."

Kalunde akasema wa mwisho. "Mwanangwa, nyayo ni zangu. Nilimwona kabla hajaonwa, nikamfuata walipomwacha. Bila mimi Lugata angempiga nani, na shoka la Kapaya lingempata wapi? Ngozi ni yangu, na mjukuu wangu ni Mipawa."

Malongo akajikuna kichwa. Kila mmoja alikuwa amesema kweli. Akawa anataka kuahirisha, kama ilivyo kawaida ya wakubwa. Lakini Kalunde hakuketi. Hasira aliyoibeba tangu porini ilikuwa haijatua, akawageukia wenzake.

"Mmesema bila nani asingelala," alisema. "Hamkusema bila nani asingeteseka. Mkwe, heshima yako naijua, lakini uliijua bunduki yako ukaificha aibu yake kifukoni. Lugata, ulikuwa na kichuguu mbele yako, ukaona kutambaa kunakushushia cheo, kisha ukaliacha jeraha ulilolitia. Ndugu yangu Kapaya, ulisikia tangu asubuhi, ukamaliza asali."

Wote wakainamisha vichwa. Ni Kapaya tu aliyeinua uso, akamuuliza kwa upole, "Na wewe, dada?"

Angeweza kusema desturi ilimfunga mdomo, na nani angembishia? Kalunde akaitazama ngozi pale kwenye vigingi, na lile tundu dogo la tumboni, dogo hata kidole hakiingii.

"Mimi niliijua bunduki ile," alisema. "Niliona risasi imenasa kwenye gome la mninga. Ningesema neno moja, Lugata angesogea, na tandala angekufa hajui kimempata nini. Ningelikosa fungu langu. Nikanyamaza ili nisilikose. Basi mkininyima, ninyimeni kwa hilo. Mkinipa, msinipe kwa sababu mmeniona ninalia."

Malongo akahesabu moyoni. Bila nani mnyama asingelala? Akapata majina manne. Bila nani mnyama asingeteseka? Akapata majina manne, yale yale. Akaingia ndani akafunga mlango, na mpaka leo sijasikia kwamba alitoka na hukumu.

Nami nimekasirika vya kutosha, nawaachia nyinyi. Msiniambie kila mmoja apewe kipande. Ngozi ikikatwa vipande haibebi mtoto. Wala msiniambie wote wanyimwe, maana Wande yuko ndani na mwanawe hana jina, naye hakumpiga mtu risasi.

Ngozi ile pale, imekwisha kukauka, na mtoto analia. Semeni nyinyi mnaojua haki: katika wanne hawa, nani alistahili kuing'oa kwenye vigingi, na akiisha kuing'oa, kwa uso gani atamtazama yule mtoto?