Firigisi ya Kuku wa Siwema

Hapo zamani, kuku akiwa na firigisi moja tu kama leo, alikuwapo binti Siwema, aliyefeli Kiingereza mara mbili. Si ujinga. Lugha ile ina maneno yanayodeka: likitangulia hili, kitenzi kinachofuata kitiwe mkia wa “ing”, likitangulia lile, mkia ukatwe. Siwema alikata pa kutia, akatia pa kukata. Na chuo cha uuguzi kikamwambia: mara ya tatu ndiyo ya mwisho.

Mwalimu Mdoe akamwandikia orodha ya maneno hayo, ukurasa mzima. Siwema akaisoma hadi karatasi ikalegea. Kukicha, kichwani hamna kitu.

Shangazi yake, Mwanahamisi, hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Akasema, "Nisomee, nami nitwange." Kinu kikaimba: "Enjoi!" mchi juu, "tia!" "Masti!" mchi chini, "kata!" Mahindi yakawa unga, maneno yakakaa.

Jirani yao Chausiku, sikio ukutani, kila kosa alilipokea kwa kelele: "Mkia huo wa nani, muuguzi? Mgonjwa utamchoma sindano au mkia?" Siku ya kwanza Siwema alilia. Ya pili akanuna. Ya tatu hakukosea hata moja, ili tu yule mwanamke akose cha kucheka.

Akafaulu. Baba akachinja kuku. Na katika nyumba ile firigisi hupewa mtu mmoja, aliyefanya kazi kuliko wote. Haikatwi. Kuikata ni kuwatukana wote.

Mwalimu akakohoa. "Bila orodha yangu, mngetwanga nini?"

"Orodha ilikuwapo, mwalimu, na bado mtoto hakujua," akasema shangazi. "Tazama malengelenge haya."

Chausiku, ambaye hakualikwa, akajivutia mkeka. "Mlimfundisha, haya. Aliyemtia hofu ya kukosea nani? Mcheka watu hapendwi, lakini kazi anaifanya."

Siwema alisimama na upawa, firigisi juu yake, mchuzi ukidondoka. Shangazi akikosa atanuna mwaka mzima. Mwalimu ndiye wa kumwandikia barua ya chuo. Chausiku, akipata atacheka, akikosa atacheka. Na kwenye chumba cha mtihani, mbona aliingia peke yake?

"Pakua, mwanangu," baba akasema. "Ugali unapoa."

Haya, nyie mnaomeza mate hapo: je, firigisi ile alistahili nani?