Kichaka cha Miiba cha Nguchiro

Wajukuu zangu, kabla sijaanza niseme kosa langu. Mwaka ule miiba ilipovamia bustani yangu, nilinunua dawa ya kuua majani nikainyunyizia haraka haraka ili niwahi kanisani. Miiba ilikauka. Mzinga wa nyuki wa jirani yangu, Mama Nahumu, nao ukanyamaza. Nilimwomba Mungu msamaha, nikamwomba na Mama Nahumu, naye alinisamehe upesi kuliko nilivyojisamehe mwenyewe. Basi hadithi hii ni kwa ajili ya nyuki wale.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kubandika vyungu jikoni, palikuwa na bonde lenye chemchemi moja. Kando ya chemchemi aliishi Nguchiro, mnyama mdogo, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Mama yake alimwachia bustani yenye migomba, maua ya nyuki na majani mabichi ya vyura kujifichia. Viumbe wadogo wote wa bonde walipata riziki humo.

Lakini Nguchiro alikuwa mvivu. Mwiba mmoja wa kigeni, ule unaotambaa, ulichipua penye uzio. Akasema, "Nitaung'oa kesho."

Mwiba haujui kesho. Kila ncha yake ilipogusa udongo ilitoa mizizi, na penye mizizi ukasimama mwiba mwingine. Baada ya misimu miwili hata chemchemi haikuonekana.

Jumbe wa bonde alikuwa Kifaru. Siku moja alikuja kuteka maji, mwiba ukamchoma puani, chwa!

"Nguchiro, toka nje."

"Nipo, Jumbe. Shikamoo."

"Marahaba. Hii ni bustani au pango la chatu?"

"Ni bustani, Jumbe. Imechoka kidogo tu."

"Umechoka wewe. Nina mtungi wa dawa kali nyumbani. Mwezi mpya ukiandama nikakuta mwiba hapa, naumwaga wote."

Nguchiro akaonyesha chini ya kichaka. "Lakini Jumbe, maji ya kunywa yanapita chini yake. Humo mna vyura, mna nyuki."

"Basi ng'oa," akasema Kifaru, akaenda zake, dum, dum, dum.

Ndani ya kichaka kikatokeza kichwa cha ndege. Alikuwa Bi Kurumbiza, aliyejenga kiota katikati ya miiba.

"Nguchiro, umesikia?"

"Nimesikia."

"Wanangu hawajaota manyoya. Dawa ikimwagwa niwapeleke wapi?"

Nguchiro akaingia ndani. Akachukua baragumu, akapuliza, puuu, puuu. Bonde lile lilikuwa na desturi ya msaragambo. Mwenye kazi kubwa akipuliza baragumu, wenzake huja na majembe wakafanya naye kazi, na yeye huwapikia.

Akapuliza mpaka mashavu yakamuuma. Hakuja hata mende.

"Unashangaa nini?" akauliza Bi Kurumbiza. "Ngiri alipojenga nyumba ulikuwa wapi?"

"Mguu ulikuwa unaniuma."

"Na Jumbe alipolima?"

"Nilikuwa nakwenda kupokea mgeni."

"Kwa mguu upi? Huo huo uliokuwa unauma?"

Nguchiro akainamisha kichwa. Alijua ni haki yake. Lakini hakwenda kuomba radhi, wajukuu zangu. Alikwenda kutafuta ujanja, maana ujanja haupigi magoti.

Sasa, Kifaru na Ngiri walikuwa watani tangu enzi za babu zao. Watani hutaniana vikali wala hawakasirikiani. Mtani akikusema, huruhusiwi kumjibu kwa ngumi. Unamjibu kwa kitendo, naye anabaki mdomo wazi. Nguchiro alilijua hilo vizuri.

Kwanza alifunga kitambaa cheupe kwenye tawi lenye kiota. Kisha akaenda kwa Kifaru.

"Jumbe, mimi si mtu wa kubeba maneno."

"Lete."

"Mtani wako Ngiri anasema ukoo wenu zamani mlikula miiba, siku hizi midomo imelainika, mnakunywa uji."

Kifaru akaacha kutafuna. "Ngiri kasema uji?"

"Uji mwepesi, Jumbe. Halafu akasema, hata kama utajaribu kula kile kichaka changu, kwa macho yako hayo utameza na kiota cha watu."

"Mimi? Twende."

Kifaru akaingia kichakani na mdomo wake uliochongoka. Kwacha, kwacha, kwacha. Alikula machipukizi, alikula vitawi, alikula na miiba yenyewe. Alipofika penye kitambaa cheupe akasimama, akatazama kwa kukaza macho, akazunguka mbali. Shada lile dogo la miiba likabaki limesimama na kiota chake.

"Kamwambie mtani wangu," akasema huku akijifuta mdomo, "hakuna uji hapa."

Vipande vilivyoanguka Nguchiro alivibeba mwenyewe, kimoja kimoja, akavianika juu ya jiwe, maana kipande kikiachwa kwenye udongo kinaota tena. Miiba ilimchana mikono. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka jasho katika bustani ya mama yake.

Lakini mizizi ilikuwa bado ardhini, minene kama magoti ya ng'ombe. Mvua moja tu, na yote yangerudi. Nguchiro akaenda kwa Ngiri.

"Mzee Ngiri, shikamoo. Mtani wako Jumbe amekula kichaka kizima. Anasema amekuachia mizizi, kwa sababu yeye ni mwungwana, wewe unakula chini."

Ngiri akacheka. "Hiyo haijaniuma."

"Anasema na magoti yako unayapiga kwa kuomba tu, si kwa kuchimba."

Hiyo ikamuuma. Ngiri akaja mbio mkia juu, akapiga magoti, akaingiza pembe zake ardhini. Kwaru, kwaru, kwaru. Kila kisiki cha mzizi alikichimba mpaka chini, akakirusha juu ya jiwe kikauke juani. Chemchemi ikaonekana. Vyura wakaanza kuimba mchana.

Mwezi mpya ukaandama. Kifaru akaja na mtungi wake kichwani, akamkuta Ngiri anakunywa maji.

"Ehe, mtani," akasema Kifaru, "nani anakunywa uji sasa?"

"Uji gani? Wewe ndiye uliyesema napiga magoti kuomba."

"Sijasema."

"Wala mimi sijasema uji."

Kisha wote wawili wakageuza shingo, wakamtazama Nguchiro.

Nguchiro alikuwa mlangoni pa shimo lake. Mkia ulishakuwa ndani.

"Sisi ni watani, hatukasirikiani," akasema Kifaru polepole. "Lakini wewe, Nguchiro, si mtani wangu. Wewe naweza kukukasirikia." Akatazama shada lenye kitambaa cheupe. "Na mwiba mmoja bado umesimama. Nilisema nini?"

Akashika kifuniko cha mtungi. Bi Kurumbiza akatandaza mbawa zake juu ya kiota.

Shimo lilikuwa wazi. Nguchiro angeingia, nani angemfuata? Akalitazama shimo, akamtazama yule mama. Akatoka. Akaja kusimama mbele ya shada, mikono ina damu iliyokauka.

"Jumbe, ni mimi niliyesema uongo. Mguu haukuuma, mgeni hakuwepo, na Ngiri hakusema uji. Nihukumu mimi. Dawa irudi nyumbani."

Kifaru akamtazama mikono.

"Hayo nani kakufanya?"

"Miiba, Jumbe. Nilikuwa nabeba."

"Ulibeba wewe mwenyewe?"

"Naapa."

Ngiri akaguna. "Mtani, tumefanyishwa msaragambo bila hata kijiko cha ugali."

Kifaru akajizuia kucheka, akashindwa. Mtungi akautua mbali na maji. "Hukumu ni hii. Makinda yakishapaa, utaling'oa shada hili kwa mikono yako. Kila mvua ikinyesha utazunguka bonde zima kung'oa machipukizi yakiwa bado madogo. Kila baragumu likilia, uwe wa kwanza kufika. Na leo upike."

Alipika. Ugali uliungua, wakaula hivyo hivyo.

Ndiyo sababu mpaka leo ukimwona nguchiro, hatulii. Anakimbia, anasimama kwa miguu miwili, anachungulia huku na huku. Anaangalia kama mwiba umechipua.

Asiyefika kwenye jembe la mwenzake, lake hulishika peke yake.

Na kwangu, wajukuu zangu, miiba imechipua tena kule nyuma, karibu na mzinga mpya wa Mama Nahumu. Jumamosi njooni na majembe mnisaidie kung'oa. Nitawapikia mimi.