Mshono wa Chini ya Pua

Wakati ninaousema, chini ya pua ya mtu hapakuwa na kifereji. Palikuwa laini tupu, na watu waliuringia ulaini huo kana kwamba wamejiumba wenyewe.

Aliyewaumba ni Mfinyanzi wa Tumboni, mama asiyeonekana, na kazi yake ilikuwa ya kuunga vipande. Paji la uso alilishusha likatoa pua. Mashavu aliyaleta kutoka kulia na kushoto yakutane katikati. Shingoni aliweka mikunjo kama matamvua ya samaki, akaitengeneza ikawa taya, koo na masikio. Mwisho alisugua kila mshono kwa kokoto mpaka usionekane.

Basi katika kijiji kimoja cha wafinyanzi, mtoto alipotimiza siku saba, mzee Senkondo alimpitishia kiganja usoni, vile vile wanavyokagua chungu kabla ya kukichoma. Akihisi ufa, mtoto hapewi jina, na asiye na jina hutupwa porini pamoja na vigae. Nachukia hata kulisimulia jambo hilo, lakini ndivyo walivyoishi.

Namkunda, fundi wa vyungu, akajifungua binti ambaye mdomo wake wa juu ulikuwa wazi hadi puani. Senkondo akaondoa kiganja.

“Huyu hana jina.”

“Analo, mzee wangu. Anaitwa Nakiete, na haendi popote.”

Hakulia wala hakubembeleza. Alimkumbatia mwanawe, akateremka kwenye shimo la udongo, akamwita Mfinyanzi mpaka akaitikiwa.

“Nisamehe, mwanangu,” Mfinyanzi akasema kwa aibu. “Mashavu yalichelewa kukutana. Mlete nimzibe, nimsugue asijulikane.”

“Mzibe anyonye, mama. Kumsugua sitaki. Na watakaozaliwa baada yake usiwasugue hapo, hata mmoja. Kila mtu aonekane kwamba naye aliungwa.”

Mfinyanzi akamziba Nakiete, kisha akaitupa kokoto yake.

Mwezi uliofuata alizaliwa mjukuu wa Senkondo. Siku ya saba mzee akapitisha kiganja, kikakwama chini ya pua. Watu wote wakamwangalia. Namkunda alisimama mbele yao, Nakiete akinyonya kifuani pake.

“Na huyo, mzee wangu? Hana jina?”

Senkondo akampa mjukuu jina. Hakukagua mtoto tena.

Na tangu siku hiyo kila mtu huzaliwa na kifereji chini ya pua. Bado wapo wanaomcheka mtoto aliyezaliwa mdomo wazi. Mimi huwaambia wajipapase hapo kwanza, ndipo wacheke.