Bawa la Fisi lenye Kanda Mbili

"Paukwa?"

"Pakawa."

"Pakawa nini?"

"Pakawa bonde refu lisilo na daraja."

"Mwenye woga na asogee karibu nami."

"Sote tumesogea."

Basi ilikuwa Jumanne, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, Pimbi alipofungwa chini ya bawa la Fisi, juu ya jabali.

Bawa lilikuwa la ngozi ya nyati, limewambwa juu ya mianzi na kuegemezwa kwenye mawe mawili. Katikati yake zilining'inia kanda mbili, mmoja wa Fisi, mmoja wa abiria. Upande wa kwao Pimbi ukame ulikuwa umemaliza majani. Ng'ambo ya bonde kulikuwa kijani. Aliyetaka kuvuka alimletea Fisi mkia wa kondoo wenye mafuta, naye akavushwa. Dada yake Pimbi, jina lake Sikitu, alivuka Ijumaa. Pimbi huitana kutoka jabali hadi jabali, lakini tangu Ijumaa ng'ambo kulikuwa kimya.

"Kwa nini hawaiti, Mjomba?" Pimbi aliuliza.

"Wamejaza majani mdomoni. Utaitaje na mdomo umejaa? Usiogope, binti. Tuko wawili."

"Na bawa likienda kombo?"

"Ukitaka kushoto, peleka mwili kushoto. Ukitaka kulia, peleka kulia. Lakini hiyo kazi yangu. Usiogope. Tuko wawili."

Desturi ya kuruka ilikuwa moja: kabla ya kukimbia, kila mmoja ananing'inia kwenye ukanda wake, miguu juu, mpaka ukanda ulie. Ukilia, umeshika. Fisi akaning'inia: nyiii. Pimbi naye akaning'inia: nyiii.

Hapo pua yake ikagusa ukanda, akaona manyoya ya manjano, yale yanayoota mgongoni mwa pimbi tu. Yalikuwa ya Sikitu. Yalikuwa yameganda kwa damu.

Pimbi akapeleka mkono nyuma atafute fundo. Mkono wake mfupi, haukufika. Nyuma yake Fisi, mbele yake shimo.

"Mbona unatetemeka, binti?"

"Baridi, Mjomba."

"Kwa jua hili?"

"Baridi ya upepo. Mjomba, ule mkia wako wa kondoo nimeusahau pale kwenye jiwe."

"Nitaukuta nikirudi."

"Hutaukuta. Kunguru wameshauona."

Mate yakamdondoka Fisi: ndo, ndo, ndo. Akamtazama abiria wake, amefungwa barabara, hana pa kwenda. Akafungua ukanda wake, akaenda kwenye jiwe, akala: kraku, kraku. Akalamba vidole, akalamba na jiwe. Akarudi mbio chini ya bawa huku bado anatafuna, akashika mti wa kuongozea.

Pimbi akafumba macho. Fisi akikumbuka kuning'inia, basi yeye wa kuliwa. Asubiri? Aseme?

"Upepo umekuja, Mjomba."

"Umekuja kweli. Tayari?"

"Mimi tayari."

Wakakimbia: chapu, chapu, chapu. Ardhi ikaisha. Vuuuu!

"Binti," Fisi akasema, "mbona leo nimekuwa mzito?"

"Ni mkia wa kondoo, Mjomba."

"Mbona ukanda haunibebi?"

"Mwenye kujua kanda ni wewe. Mimi abiria tu."

"Binti, nivute. Mikono inateleza."

"Usiogope, Mjomba. Tuko wawili."

Mafuta ya kondoo yalikuwa bado kwenye makucha yake. Ukucha mmoja ukaachia, wa pili ukaachia, yakaachia yote. Kukawa kimya, kimya kirefu. Kisha, mbali sana chini: pu.

Bawa likapata wepesi, likapanda. Chini ya tumbo la Pimbi hapakuwa na kitu. Mto ulikuwa uzi, na ndugu zake juu ya jabali walikuwa punje za mtama. Aliogopa mpaka akalia. Na katikati ya kilio hicho kikamjia kitu alichokionea haya, maana damu ya dada yake ilikuwa ikigusa shavu lake. Kilikuwa ni utamu.

Akapeleka mwili kushoto, bawa likageuka. Akapeleka tena. Akashukia upande wa kwao, kwenye nyasi kavu nyuma ya jabali: burururu, mdomo umejaa vumbi, mifupa yote mizima, na ndugu zake wakamfungua.

"Hadithi yangu imetua. Anayetaka mafunzo na achukue. Abiria mwema haulizi maswali. Rubani mwema hasafiri na njaa. Na ukitaka kuruka, ruka na mwenzako, maana wawili ni salama kuliko mmoja."

"Na Pimbi je, kesho yake?"

Kesho yake asubuhi Pimbi alisimama ukingoni akaita jina la dada yake, akasikiliza. Kisha akautafuna ukanda wa Fisi mpaka ukakatika, akautupa bondeni, akafungwa tena kwenye ukanda wake, akakimbia na bawa.