Kwa Nini Watemi Wetu Hutawazwa kwa Mchi

Sikilizeni, wana wa Nyamizi, na mketi wima, maana habari hii ni yenu.

Zamani, nchi hii ilipokuwa bado pori, mabondeni kwetu waliishi wanyama walioitwa mangubwi, warefu kuliko mapaa ya nyumba. Macho yao yalikuwa hafifu. Walisikia kwa nyayo. Jike lao kubwa lilipopiga mguu chini, kishindo kilipita ardhini, na kundi zima likafanya kama jike hilo lilivyofanya. Likiogopa, wote waliogopa. Kila mwaka walikanyaga mashamba, na kila mwaka tulizika watu.

Nyamizi alikuwa mjane aliyeishi ukingoni mwa bonde. Aliona kwamba alipotwanga polepole, mangubwi waliokuwa karibu waliacha kula, wakamgeukia. Alipotwanga haraka, walikimbia. Akaendelea kuwajaribu, mpaka akakijua kishindo cha kusimama na kile cha kwenda.

Ukaja ukame mkuu. Kundi likanusa maji ya kisima chetu, likashuka kuja kijijini. Mtemi Lugoye akaamuru nyasi zichomwe.

"Usiwashe moto, Mtemi," alisema Nyamizi. "Utamtisha mmoja, na hofu ya mmoja wao ni ya wote. Watatumaliza."

"Sasa utawazuia kwa kitu gani, mama?"

Nyamizi akachukua mchi wake, akasimama njiani peku, akaupiga chini. Kundi halikusimama. Liliongeza mbio! Ndipo alipoelewa: mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na mchi ulikuwa ukiwapelekea hofu yake mwenyewe. Akafumba macho. Akaimba wimbo aliokuwa akiwabembelezea wanawe, taratibu, mpaka pumzi ikatulia, na mchi ukaifuata pumzi.

Jike kubwa likasimama mbele yake, karibu hata akasikia joto la pua zake. Kundi zima likasimama. Nyamizi akageuka, akatembea huku akipiga mchi, nao wakamfuata kama ndama hadi kwenye mto usiokauka, ng'ambo ya vilima. Huko wakabaki.

Aliporudi, Lugoye alikuwa akimngoja. Akaulaza mkuki wake miguuni pa mjane yule, akasema, "Mimi niliamuru. Wewe umetawala."

Na tangu siku hiyo, watemi wetu hawatawazwi kwa mkuki kama wa kwingine. Hupewa mchi, wakasimama peku mbele ya watu wote, na hakuna anayewainamia mpaka mikono yao iache kutetemeka.