Nyumba ya Machi, Jina Moja

Sogeeni karibu, na yule anayependa kujibu kabla hajaulizwa aume ulimi kidogo. Kisa hiki ni cha Masasi, kwenye korosho, na mpaka leo kinaninyima raha.

Bi Asumini alikuwa mjane, mpangaji wa miaka ishirini, mwenye watoto watatu wakubwa. Twalibu alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha wakulima, na misimu ya fedha aliijua kuliko mtu yeyote. Somoe, fundi cherehani, alikuwa na jicho lisilopitwa na kasoro. Binasa, kitinda mimba, alijua kukaa na mtu mpaka aseme yaliyo moyoni.

Novemba, mwenye nyumba alimjia mama yao. "Bi Asumini, usinichukie. Mwanangu anaoa. Mwisho wa Machi nitavihitaji vyumba vyangu." Watoto wakachanga sawa kwa sawa ili mama apate nyumba yake.

Walitaka kununua palepale, lakini Twalibu akakataa katakata. "Huu ni msimu wa korosho," alisema. "Kila mtu ana hela na kila mtu anataka nyumba. Hizi zetu zitatupatia banda la kuku. Tusubiri Machi, mifuko ikauke, wauzaji watatutafuta wenyewe." Wakasubiri. Desemba ikapita, Januari ikapita. Mama alifunga vyombo vyake kwenye maboksi, akavifungua, akavifunga tena. "Twalibu mwanangu, nikitolewa kwenye mvua hii nitakwenda wapi?" Twalibu moyoni aliogopa kuliko mama, ila msimamo wake hakuubadili. Machi ilipoingia, bei zilishuka kweli.

Dalali akawaonyesha nyumba tatu, zote zimepakwa rangi mpya. Twalibu na Binasa waliipenda ya pili, wakataka kutoa malipo ya kwanza. Somoe akasema hanunui nyumba aliyoiona juani. Akangoja mvua inyeshe haswa, akaenda na mwavuli wake mbovu. Nyumba ya kwanza, maji yaliingia mlango wa uani yakatokea sebuleni. Ile waliyoipenda, ukuta ulikuwa umelowa mpaka usawa wa kiuno, rangi inabanduka kama ganda la yai. Ya tatu, ya Mzee Mkwinda, ilikuwa kavu. Somoe alirudi ametota, anatetemeka. "Hiyo yenu ingemwangukia mama," aliwaambia.

Zikabaki siku sita. Mzee Mkwinda alikuwa tayari kuuza, ila mkewe hakutaka kutia saini, wala sababu hakuisema. Bila saini ya mke, mwenyekiti wa mtaa hashuhudii mauzo. Siku hiyohiyo akatokea mfanyabiashara, akapandisha dau. Bi Asumini akaacha kula.

Binasa akaenda kwa mke wa Mkwinda, akakaa naye jikoni siku mbili wakichambua mboga, bila kuitaja nyumba kabisa. Siku ya tatu yule mama akalia. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi la mwanawe wa kwanza. "Nikiuza, nitaingia kwa nani kulifagia?"

"Utaingia kwetu, mama," Binasa alimwambia. "Siku yoyote. Na hakuna atakayelijengea juu."

Yule mama akatia saini kwa ajili ya Binasa. Mfanyabiashara akaondoka na dau lake, na Bi Asumini akahamia siku moja kabla ya kutolewa.

Mngedhani hapo roho zilitulia. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na karatasi za mauzo, akauliza pale pa mnunuzi liandikwe jina la nani.

"Si langu," alisema Bi Asumini. "Mimi umri umekwenda. Andika la mwanangu mmoja tu. Nyumba ya baba yangu tuliandikwa wanne, tukagombana mpaka ikauzwa. Mimi na ndugu zangu mpaka leo hatuzikani."

Twalibu akasema, "Msingenisikiliza mimi, tungenunua banda."

Somoe akasema, "Na bila mimi, hiyo Machi yako ingemlaza mama majini."

Binasa akawatazama wote wawili. "Ahadi ya kaburi niliitoa mimi. Ikiandikwa kwenu, mtaitunza?"

Miezi mitano yote hawakuwahi kurushiana neno. Sasa wamekaa kila mmoja upande wake, na hakuna anayetaka kumtazama mwenzake.

Mwenyekiti ameshika kalamu, anasubiri. Bi Asumini anawatazama wanawe mmoja mmoja. Akitaja mmoja, anaogopa wawili hawatakanyaga tena kwake. Akitaja wote, anaiona nyumba ya baba yake.

Haya, nimemaliza yangu. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na wale wawili ungewaambia nini?